Sauti ya Bibi Kwenye Sabufa

Mimi ni mwoga, nasema mapema. Naogopa radi, naogopa boti la kwenda Mbuchi likianza kuyumba, na tangu Bibi augue naogopa hata mlango ukigongwa kwa nguvu. Kwa hiyo mtu asinitafutie ushujaa humu. Haumo.

Bibi, mzaa mama, alikuwa kungwi kule Mbuchi. Wasichana wa kijijini, na mama zao kabla yao, wamechezwa naye. Kabla hajaugua alikuja kututembelea Kibiti, akaniita chumbani kwangu, akafunga mlango. Akaniuliza, "Mke mwenzangu, hicho kikompyuta chako kinashika sauti?" Nikamwambia kinashika. Akaketi kitandani akaimba nyimbo zote za mwali, mchana kutwa, akinyamaza tu kunywa maji. Nyimbo nyingine mimi mtu mzima niliinamisha kichwa. Alipomaliza akanivuta sikio.

"Hizi hazitoki humu," akasema. "Haziendi kwenye simu, haziendi kwenye flashi, na kompyuta yenyewe haitoki chumbani kwako. Mwanamume akizisikia, haya itaniua."

Nikaapa. Wakati ule nilidhani hayo ya kuuawa na haya ni maneno tu ya wazee.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa na sauti ikaenda nao. Tulimleta kwetu, na daktari akatuonya kwamba presha yake haitaki mshtuko, mshtuko mwingine tutamzika. Tangu siku hiyo nyumba nzima tukawa tunatembea kwa kunyata. Sufuria ikianguka jikoni, mimi mbio kumtazama kama anapumua. Baba naye, kwa kuwa ni mkwe, hakuingia chumbani kwake hata siku moja. Alisimama nje ya pazia, akakohoa, akatoa shikamoo, akaondoka. Ndiyo heshima yao tangu alipomuoa Mama.

Mtoto wa dada yangu akavunja ungo, akawekwa ndani, na ngoma yake ikapangwa Jumamosi. Bibi akanyoosha mkono wake mzima kuelekea chumba changu, akaunyoosha tena, akakasirika kwamba hatumwelewi. Mama ndiye aliyeelewa. Bibi alitaka kumcheza mwali kwa sauti yake mwenyewe, ile iliyobaki kwenye kompyuta.

Sasa tazama mtihani huo. Chumba changu kiko mbele, karibu na baraza. Ngoma inachezwa uani, nyuma, na sabufa iko huko huko. Waya ungelazimika kukatiza sebuleni, na sebule ni ya Baba na wageni wake. Flashi nimekatazwa. Kuibeba kompyuta nimekatazwa. Sauti ilibidi ipite hewani, na mimi ndiye wa kuchagua ipite vipi.

Nilianza na bluetooth, maana sabufa inayo. Nikabonyeza kutafuta, na kioo kikaniletea sabufa yetu, chini yake spika ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na nyingine ambayo mpaka leo sijui ni ya nani. Yarabi toba! Nibonyeze vibaya mara moja tu, Bibi aanze kuimba saluni ya kinyozi, wanaume wa watu wamekaa na povu mashavuni! Nikajikaza, nikaijaribu kwa kaswida. Ukuta wa kwanza ikapita. Wa pili, penye kabati la vyombo, ikawa inakatika katika kama mtu mwenye kwikwi. Nikaizima, tena kwa furaha.

Nikaenda kwa fundi wa simu na redio karibu na stendi. Huyu akanishauri Wi-Fi. Nichukue ruta, ninunue na kidude cha kuchomeka kwenye sabufa, halafu vyote vikae kwenye mtandao mmoja.

"Na simu za kaka zangu je, nazo zitakuwa humo?"

"Zote, dada. Yeyote mwenye simu anacheza anachotaka. Ndiyo raha yake hiyo."

Raha! Nilinyanyuka nikashika mkoba. Akanirudisha, akatoa kidude kidogo hivi, chenye waya mfupi. Unakichomeka kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, unachagua namba ya FM, na sabufa unaiweka kwenye redio, namba ile ile. Kila mwenye gari anacho, akasema, na ukuta kwake si kitu.

"Kinafika mpaka wapi?"

"Chumba hadi chumba. Kikijitahidi sana, uani."

"Una uhakika?"

"Dada, kwani unarusha nini wewe, siri za serikali?"

Nikacheka kicheko cha kinafiki, nikakibeba.

Alhamisi mchana Mama alikwenda sokoni kutafuta nazi. Nikaona ndiyo nafasi. Kule uani, chini ya bati, nikazungusha redio ya sabufa nikitafuta mahali pasipo na stesheni, nikapata namba inayotoa mvumo mtupu. Nikaweka namba hiyo hiyo kwenye kidude. Ningejaribu kwanza kwa kaswida, kama mtu mwenye akili zake. Lakini Bibi alikuwa amelazwa mkekani pale pale, macho hayanibanduki, na sauti yake alikuwa hajaisikia tangu augue. Akanyanyua mkono. Weka.

Basi nikaenda chumbani nikaweka wimbo wa kwanza, nikarudi mbio.

Ikatoka safi. Haikatiki, haikwaruzi, sauti ya Bibi ile ile yenye ubishi ndani yake. Upande mmoja wa uso wake ukalia, upande wa pili ukabaki vile vile. Midomo ikawa inafuatisha maneno. Nilifurahi, na sikumbuki furaha nyingine iliyonitoka haraka namna ile.

Nilikwenda chumbani kuongeza sauti kidogo. Dirisha langu linatazama barazani. Nilipofika katikati ya chumba nikausikia wimbo mara mbili. Mmoja unatoka uani, nyuma yangu. Mwingine unatoka mbele.

Nikaganda. Barazani Baba alikuwa amekaa na jirani yetu, na kati yao ile redio yake ya mkulima ambayo kila siku saa hizo huwekwa mawaidha kutoka Dar. Kumbe ile namba niliyoiona tupu chini ya bati, kule nje ndiyo stesheni ya Baba, na kidude changu kilikuwa kimeimeza. Kwenye redio ya Baba alikuwa anaimba mama mkwe wake. Na si mwanzo tena, alikuwa amefika pale nilipoinamisha kichwa.

Nilitaka kuchomoa. Nikawaza, nikikata ghafla Bibi atashtuka. Nikiacha, neno linalofuata ni baya kuliko hili. Nikajirusha mezani, nikavuta waya, kompyuta ikaja nao, nikaidaka na tumbo.

Kimya. Halafu kule barazani shehe wa redioni akaendelea na mawaidha yake.

"Nani huyo alikuwa anaimba?" jirani akauliza.

"Stesheni za siku hizi zinaingiliana," Baba akasema. "Mimi hata sikuwa nasikiliza." Nikasikia redio ikizimwa.

Nilikimbia uani. Bibi alikuwa amekodoa macho, kifua kinapanda na kushuka mbio mbio. Masikio yake hayakuwahi kuugua. Alitazama upande wa barazani, akanitazama mimi, na nikajua naye ameusikia ule wimbo wa pili. Nikapiga magoti. Nikamshika mkono, wa baridi, nikatafuta mshipa nisijue hata unatafutwa wapi. Nilikuwa nasema, Bibi nisamehe, Bibi usife, nisamehe. Nilikuwa nimemuua, na Mama alikuwa sokoni ananunua nazi za ngoma.

Ndipo pazia la mlango wa uani likakohoa. Baba. Alisimama kwa nyuma kama anavyosimama siku zote nje ya chumba cha Bibi, miguu yake tu ndiyo inaonekana.

"Mkwe, shikamoo," akasema. Kisha akasema nami, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Mwanangu, mwambie mkwe wangu ndiyo kwanza narudi kutoka shamba. Nimeshinda Mtawanya tangu alfajiri. Hapa nyumbani sijui kumeimbwa, sijui kumelimwa."

Baba huyo huyo alikuwa amekohoa nyuma ya pazia la chumbani adhuhuri, akampa Bibi shikamoo ya mchana.

Mkono wa Bibi ukanibana. Mdomo wake ukaanza kuhangaika, ukipinda upande, mate yakimtoka, na mimi nikaona ndiyo roho inatoka. Nikafumba macho.

"Mmm," akasema. "Mwo... mwongo."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue. Nilipofumbua macho alikuwa anacheka na nusu ya uso. Nyuma ya pazia Baba akakohoa kwa haraka, na kandambili zake zikaondoka mbio kama za mtoto aliyefukuzwa jikoni.

Mimi nililia. Nilipoweza kusema nikamwambia Bibi kwamba kidude nakirudisha leo leo, kwamba narudi kwenye bluetooth, nitahamisha lile kabati, nitamwomba kinyozi azime spika yake siku nzima ya Jumamosi. Alitikisa kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea chumba changu, akaukunja ngumi, kama mtu anayefunga kitu. Halafu akaleta kidole mpaka mdomoni kwangu, akakiacha hapo.

"Niimbe mimi?" nikasema. "Bibi, mimi naogopa. Mbele ya wanawake wote wale? Sauti sina."

Akaupiga mkeka kwa mkono wake mzima, mapigo ya wimbo wa kwanza, akanyamaza, akaningoja.