Kiwiko Nilichokizima Majini

Baada ya vita vya pili vya dunia jeshi liliuza pikipiki zake, na kisiwa cha Mombasa kikajaa ngurumo hata kunguru wakahamia Likoni. Nasema niliyoyaona. Kila mwenye pikipiki alitaka kuiongezea kitu: huyu sanduku la mikate nyuma, yule kigari cha ubavuni cha kumpandisha mkewe. Vitu hivyo havishikwi kwa kamba. Vyataka vipande vya chuma vilivyopindwa kwa kipimo cha pikipiki yenyewe, na kwa kuwa vilikunjika kama kiwiko cha mtu, tuliviita viwiko. Mimi nikivifua katika karakana ya mlango mmoja, uchochoro wa nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale.

Chuma changu kilikuwa springi za malori yaliyokufa. Nazipasha moto mpaka ziwe rangi ya embe bivu, nazipinda, kisha nazizika katika pipa la majivu zipoe taratibu mpaka kesho yake. Springi ukiitoa motoni ukaizima majini inakuwa ngumu kwa nje, lakini ndani ni kioo. Mashimo machache ya barabara, inakatika. Ya majivuni haikatiki. Ningeweza kuitundika Ngome nzima kwa viwiko vinne, pamoja na mizinga yake.

Na mteja hakuondoka kabla hajaniona nikikijaribu kiwiko chake. Nakifunga kwa bolti kwenye boriti ya dari, nakishika, nainua miguu, naning'inia kama popo nikihesabu mpaka ishirini. Juu ya mlango niliandika kibao kwa mkono wangu, maana nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni: CHUMA CHANGU HAKIVUNJIKI. Herufi zilikuwa kubwa, Pemba wakizisoma bila miwani.

Kwa hiyo wateja wangu sikuwaona tena. Wangerudia nini? Kule sokoni palikuwa na fundi ambaye viwiko vyake havikudumu kupita kikombe cha chai, na benchi lake halikukauka watu. Wanarudi kukazwa nati, wanarudi kuungwa ufa, wanamiminiana kahawa, wanacheka. Mimi nikila mkate wa mofa na mbaazi peke yangu, nikiisemesha nyundo. Wazee wangu walikwisha kufa, na chumba changu kilikuwa papo hapo juu ya karakana. Kuna wiki nilizosalimiwa na muadhini tu, naye hakuwa akinisalimia mimi.

Ndipo akaja muuza tende. Mtu wa makamo, wa ukoo wa Kiarabu uliokaa Mji wa Kale tangu mababu. Alitaka viwiko vinne vya kigari cha ubavuni, apate kumpandisha mamake, bibi ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Kazi ikachukua siku nne, na siku zote nne alikaa pale mlangoni juu ya debe nililompindulia, tende mkononi, ananichokoza.

"Fundi, kibao chako kimeushinda mlango."

"Ami, herufi hizo nimezisomea miezi tisa. Nikiziandika ndogo nitaona nimepoteza wakati."

"Na hiyo 'hakivunjiki', Mungu umemwachia nafasi wapi?"

"Pale pembeni. Rangi ikipatikana naongeza inshallah."

Alicheka mpaka kokwa ya tende ikamtoka. Sijapata kusikia kicheko kitamu vile, na nimesikia vingi, vyote kupitia ukutani.

Siku ya nne kilibaki kiwiko kimoja. Nikakitoa motoni, nikamtazama pale juu ya debe lake, nikajua kikipoa hiki sitamwona tena. Nikakitumbukiza majini. Nilijiambia: kitapata ufa baada ya mwezi, vitatu vingine vitashika, naye atakuja kukaa tena.

"Hiki kimepoa upesi," akasema.

Nikamkabidhi pamoja na vile vitatu. "Huning'inii?" akauliza.

"Tumbo, ami. Leo laniuma."

Akaitazama boriti, akanitazama mimi. "Pole," akasema, akaenda zake na pikipiki yake.

Tangu hapo kila pikipiki iliyonguruma ilikuwa imembeba yule bibi na kigari kinaning'inia. Ijumaa ya pili sikuweza tena. Nilikuwa nimefua kiwiko kingine, cha majivuni, nikakitia kwapani nikaenda Shimanzi kwa miguu, nikikwepa malori, mpaka ghala alilokuwa akichukulia tende. Nikamkuta akipakia magunia.

"Ami, kile kiwiko cha mwisho usikitumie. Nimekuletea kingine."

Hakushtuka. Aliinama kwenye kigari akatoa kitu kilichofungwa gunia. Kilikuwa kiwiko changu, kizima.

"Hiki hakijambeba mama hata siku moja," akasema.

"Ulijuaje kuwa maji yamekiharibu?"

"Mimi muuza tende, nitajua nini cha maji na majivu? Nilijua hukuning'inia." Akakitia mkononi mwangu. "Nikasema, huyu kijana nimemchosha. Siku nne nimemkalia mlangoni na maneno yangu, sasa ataka niondoke, hata kujaribu hakujaribu. Nikaona haya kurudi. Nikaenda kwa yule fundi wa sokoni."

Mimi ninayeweza kuusemesha ukuta mpaka ukaomba ruhusa ya kwenda kulala, nilisema tu, "La, ami, hukunichosha."

"Basi, hapana neno."

"Na hiki kipya?"

"Nimekwisha kufungiwa. Chake chalegea, lakini kila Jumamosi napita akikaza."

"Mwazungumza?"

"Mtu atakaa kimya, fundi?"

Nikarudi na viwiko viwili. Nilipofika, nikakifunga kile cha majini kwenye boriti, nikakishika, nikainua miguu. Moja, mbili, tatu. Kikakatika kwa mlio kama wa bunduki, nikaanguka chali, vumbi la dari likanifuata usoni. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mama wa watu. Kisha nikaona jinsi nilivyolala pale, fundi wa chuma kisichovunjika, kipande mkononi, mahali kilipokatika pakimetameta kama sukari, na kicheko kikanishika. Nikacheka, nikageuza kichwa kutazama debe.

Lilikuwa bado limepinduliwa. Kokwa mbili za tende zilikuwa chini kando yake, sikuwa nimezifagia.