Mkate wa Bibi Nora kule Mtae

Safari hii ilitokana na mgeni mmoja. Bibi Nora, mama mtu mzima kutoka Ireland, alifikia kwenye nyumba ya wageni ninayofanyia kazi hapa Lushoto. Nilimpeleka Irente kutazama mandhari; akayatazama kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mimi nataka kuona jiko la kuni." Nikamkumbuka shangazi yangu, Naetwa, aliyeko Mtae.

Asubuhi tuliondoka kwa gari la kukodi. Pale Lukozi, anakoishi mama yangu, magunia ya viazi yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, na Bibi Nora akafurahi kama aliyefika kwao kwenye mashamba ya viazi. Mbele zaidi gari lilikwama kwenye matope. Mimi na dereva tukasukuma; Bibi Nora akatuhimiza kwa kupunga mkongojo wake.

Mtae tulifika mchana, ukungu umetanda. Bibi Nora akajikaza: "Shikamoo!"

Shangazi akashtuka. "Hapana, mama! Mkubwa ni wewe. Wa kutoa shikamoo ni mimi."

Tukacheka. Lakini nilipotaja jiko la nyuma, lile la udongo na paa la nyasi, shangazi alinivuta pembeni. "Unataka kuniaibisha? Mgeni nimeshamwekea soda sebuleni, leo nikamtie kwenye masizi?"

Bibi Nora akataka kujua tunanong'ona nini. Nikamwambia ukweli.

"Mwambie nimezaliwa kwenye nyumba ya mawe iliyoezekwa nyasi," akasema. "Kuku tulilala nao ndani. Kuni hatukuwa nazo; tulichimba udongo mweusi bondeni, tukaukausha, tukauchoma. Usiku mama alifukia makaa kwenye majivu, moto usizime."

"Udongo unawaka?" Shangazi akainuka mwenyewe, akamshika mkono, wakaenda jikoni.

Kule Bibi Nora aliomba unga wa ngano, maziwa mgando, chumvi na magadi kidogo. Akakanda, akatia kwenye sufuria nzito, akapanga makaa juu ya kifuniko.

"Moto juu, moto chini!" shangazi akapiga makofi. "Kumbe na wao!"

Mkate uliungua juu, ndani ukaiva vizuri. Bibi Nora alitafuna polepole. "Tangu mama azikwe sijaonja mkate uliopikwa hivi." Shangazi akamkatia kipande kingine, kikubwa zaidi.

Kesho yake, tukiwa njiani kurudi, niligundua jambo. Nyumba aliyozaliwa Bibi Nora naijua mpaka walipolala kuku. Aliyozaliwa mama yangu siijui kabisa. Nikamwomba dereva asimame Lukozi. Mama alikuwa mlangoni anamenya viazi. Nikachukua kisu, nikakaa karibu naye, nikaanza kumwuliza.