Foleni ya Chakula cha Mama

Mawese yanaponukia kwenye kikaango changu cha mtu mmoja, nakumbuka kambi ya likizo ya kanisa, kando ya ziwa, karibu na Katonga. Mama alikuwa amejitolea kupika, nami nikaenda naye. Watoto wote pale walimwita Mama. Mchana nilipanga foleni pamoja nao, mchanga ukinichoma nyayo. Mama alikuwa ameinamia sufuria ya dagaa wa mawese, moshi ukimtoa machozi, na kila sahani iliyomfikia aliiuliza bila kuinua uso, "Umetoka kigango gani, mwanangu?"

Zamu yangu ikafika. Akaniuliza na mimi.

Nikakitaja kigango chetu, kanisa letu dogo la nyumbani.

"Karibu sana," akasema kwa upole, macho bado kwenye sufuria, akanipakulia.

Nikaenda kukaa na wageni wenzangu.