Sauti ya Kaka Juu ya Filamu ya Kijapani

Jumapili ya wiki ile maduka ya wageni yalipovunjwa mjini Durban, hatukwenda kanisani. Tulikaa chumbani kwetu, mtaa wa Point, mimi, kaka yangu mkubwa na mke wake. Saluni alikofanya kazi kaka ilikuwa imechomwa. Alitaka warudi kwetu Bukavu kwa basi. Shemeji alikuwa hajakubali wala hajakataa. Begi lao lilikuwa limefungwa, karibu na mlango.

Mvua ilinyesha. Kaka akaweka filamu ya kale ya Kijapani, isiyo na rangi. Haikuwa na maandishi chini ya picha, lakini hilo halikumsumbua. Kule Bukavu alikuwa mtafsiri katika banda la video: alisimama kando ya televisheni na maikrofoni, akawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, Wachina kwa Wahindi. Hakujua lugha hata moja kati ya hizo. Watu walikuja kumsikia yeye.

Mnyama mkubwa kama mlima alitoka baharini akakanyaga nyumba. Watu walikimbia na watoto mgongoni.

"Papa, ule nyama anatafuta nini?" shemeji aliuliza; ndivyo alivyomwita mumewe.

"Bomu ilimutosha, ilimufukuza kwake chini ya maji. Anatafuta fasi ya kulala."

"Eish! Basi ni mukimbizi kama siye. Aende apange mustari wa karatasi za ukimbizi."

Tulicheka, mara ya kwanza wiki ile.

Mwishoni watu walizamisha dawa kali baharini, nayo ikamla yule mnyama. Kaka akashusha sauti, ile aliyozoea kufungia filamu:

"Sasa amerudi kwabo. Analala. Kwabo iko salama."

Banda lilimfundisha hivyo: mteja akitoka na huzuni, kesho haji. Lakini kwenye kioo cha televisheni ilikuwa imebaki mifupa.

"Ile ni mifupa, Papa."

Shemeji akamgeukia kaka.

"Na Bukavu? Kila siku unaniambia kule iko salama. Nani alikuambia? Ao unatafsiri tu?"

Simu tulizopiga kule zilikuwa hazipokelewi tangu mwezi uanze. Mimi na kaka tulilijua hilo, shemeji hakuambiwa.

"Natafsiri," kaka alisema. "Lakini huku naogopa hata kutoka mulango."

Shemeji alifungua begi, akatoa nguo zake moja moja, akazikunja juu ya kitanda. Za kaka aliziacha ndani.

Kaka alipanda basi peke yake. Baadaye niliiweka tena ile filamu. Nilisikia Kijapani tu.