Onyo nililoliweka mwisho wa barua

Naanza na jambo lenyewe: leo nimesamehewa.

Wakati wa uasi nilikuwa karani wa ghala hapa Kisangani. Bosi aliniagiza niwaandikie wafanyakazi kwamba kesho wasije, kuna hatari.

Mimi, msomi, nikajaza ukurasa mzima kwa salamu na heshima. Onyo nikaliweka mstari wa mwisho.

Papa Asumani, mpagazi wetu, hakusoma mpaka huko chini. Alikuja kazini, akapigwa risasi mguuni. Alichechemea tangu hapo mpaka kufa kwake.

Leo, kabla sijafa, nimemwambia ukweli binti yake, Zaina: barua ile niliiandika mimi.

Akacheka!

"Tonton, mjomba wangu, papa alijuaka ni wewe, na hakukasirika. Ndiyo sababu alitufundisha: habari kubwa kwanza, salamu nyuma."

Nimelia. Asante, Zaina. Sasa naweza kwenda.

Nanyi, mna neno la kumwambia mtu? Salamu zingoje.