Flashi ya Fundi wa Wabera

Wewe ungeiba muziki usioimbwa hata neno moja? Fundi wa simu hapa mtaani Wabera aliutunga mwenyewe: magitaa mazito yanayonguruma, ujanja wa jazi, mapigo saba kisha matano. Mimi na digrii yangu hupotea nikihesabu. Juzi nilimkuta akipekua droo, akitafuta flashi yenye nakala pekee ya muziki huo.

"Mama, sasa umefurahi? Ule muziki unaouita kelele ya mabati umepotea," alimwambia muuza maziwa ya ngamia, jirani yake.

Kidole cha mama kiligonga mtungi wa maziwa: saba, tano, saba, bila kukosea. Fundi akakitazama, akaacha kupekua.

Mama akafungua fundo la leso, akaitoa flashi.

"Ni mimi nilichukua. Kila siku adhana ikiita unauzima muziki katikati. Nilitaka tu kusikia vile unaisha."