Mgeni Asiye na Miguu

Mama mdogo ameshona nguo za watu miaka thelathini na mbili, na muda wote huo hajawahi kuegemea kiti. Cherehani yake ina stuli. Ukimpa kochi anakaa ukingoni, kama mtu aliyekuja kuposa na majibu hajui yatakuwaje. Kwa hiyo kumwambia angoje ndege ya pili kwa masaa tisa ilikuwa adhabu tosha hata bila gauni. Na gauni lilikuwepo.

Ni la binti yake, anayeolewa Jumamosi huko tuendako. Satini nyeupe, bitana ndani, kifuani shanga mia nne na ushee, kila moja imeshonwa kwa mkono huku fundi akimlaani aliyebuni shanga. Binti alishasema tangu zamani, "Mama, usijisumbue, nguo zipo huku." Mama akajisumbua. Juzi binti akatuma ujumbe, na mimi kwa akili zangu nikausoma kwa sauti: "Nimekodi jingine, endapo lako litapata shida njiani."

Tangu hapo Mama mdogo hana adui duniani ila Endapo, ndivyo alivyolibatiza gauni la kukodi. "Yuko huko ametundikwa, ananisubiri nikosee," anasema. Na satini ukiikunja mara moja inakumbuka kama mama mkwe. Mkunjo mmoja kifuani, Endapo anavaliwa.

Ndege ya kwanza, mhudumu alilitundika gauni, na mfuko wake wa zipu, kwenye kabati lao. Hapa kwenye ukumbi wa kungojea kulikuwa na viti vya chuma na watoto wenye juisi. Chooni tulipata ndoano, ila sakafu ilikuwa bwawa. Basi akatembea nalo mkono juu, kama nesi aliyebeba dripu ya mgonjwa asiyeonekana. Kulia kukichoka, kushoto. Nikimpokea, dakika tatu tu ananinyang'anya.

"Nusu Diploma, hata kunyoosha mkono nako hukumaliza?" Ndivyo anavyoniita tangu niache chuo.

Ndipo tukaiona launji, ukumbi wa kupumzikia abiria wenye kadi maalumu. Mlango wa kioo, dada wa mapokezi nyuma ya kaunta, na nyuma yake kabati la makoti lililo wazi, hanga za mbao zimejipanga tupu. Mama mdogo aliliangalia kabati lile kama mwenye njaa anavyoangalia sufuria ya jirani.

"Karibu, Mama. Kadi?"

"Kadi sina, mwanangu. Nina gauni."

"Bila kadi leo hatupokei. Ndege mbili zimechelewa, ndani kumejaa."

Nyuma yetu alisimama kaka mmoja mwenye grisi ambayo haitoki tena kwenye kucha. Ni fundi wa lifti, kampuni yake inamrusha huku na huko, ndiyo maana ana kadi. "Mwingize kwa yangu," akasema. "Naruhusiwa mgeni mmoja. Huyu ni mgeni wangu."

Dada akaweka vidole kwenye kompyuta. Akauliza kwa utaratibu tu: "Mama, wewe ni mgeni wake?"

"Mimi? Wala. Ndiyo kwanza namwona."

Nikamkanyaga mguu.

"Unanikanyagia nini? Simjui huyu kaka hata kwao."

Neno mgeni lina mifuko miwili: aliyealikwa na asiyejulikana. Dada alitia mkono kwenye huu, Mama mdogo akajibu kutoka kwenye ule.

"Basi ameshasema hakujui," dada akamwambia fundi lifti, akionyesha kamera juu ya kichwa chake. "Nikiandika mgeni wako, nimeandika uongo."

Kaka akacheka, akaingia peke yake. Mimi nikakaa. Mama mdogo akaendelea na doria, kutoka kwenye nguzo hadi ubao wa ndege, hatua arobaini na moja, nimezihesabu kwa kukosa kazi.

Baada ya masaa mawili ya doria, dada akatoka nje kusogeza kibao. Mama mdogo akasimama ghafla. Pindo la sketi ya dada lilikuwa limeshikwa na pini za stepla, saba, moja imeshachana soksi.

"Mwanangu, nani kakushona kwa stepla?"

"Imefumuka asubuhi, Mama. Msimamizi akipita nimekwisha."

"Rudi kwenye kaunta yako. Simama wima."

Akanipa gauni, akatoa sindano, akapiga magoti nyuma ya kaunta. Mkasi wake ulibaki kwa wakaguzi, uzi alikata kwa meno. Juu dada anasema, "Karibu, kadi tafadhali," chini kichwa kinatembea kuzunguka sketi. Mzee mmoja akachungulia.

"Kuna mtu hapo chini?"

"Ni fundi," dada akajibu.

"Wa nini?"

"Wa chini."

Fundi lifti akatoka kutazama ubao wa ndege, akanikuta nimeliinua gauni kwa mikono miwili. Akafikiri kidogo. "Dada, hivi masharti yanasema mgeni lazima awe na miguu?"

Dada akasoma kwenye skrini. "Mwenye kadi na mgeni mmoja. Basi."

"Basi gauni ndilo mgeni wangu. Na msiliulize kama linanijua, halina mdomo."

Chini ya kaunta sindano ikasimama. "Ndege yako lini?"

"Inatangulia yenu kwa masaa mawili."

"Utalisahau."

"Fundi, mimi natundika watu kwenye kamba ghorofa ya ishirini. Gauni halinishindi."

Mama mdogo akamaliza pindo, akalichukua gauni kwangu, akampa kaka alitundike kabatini. Mikono yake ilikuwa huru kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na hakujua aiweke wapi. Akaifunga kifuani, akaifungua, akaishika kichwani. Pale tulipokaa kabati halikuonekana.

"Nimempa mtu nisiyemjua."

"Si ulikana mwenyewe kumjua."

Akairudisha mikono kichwani.

Mchana ukapita hivyo. Mara fundi lifti huyo anakimbia, begi mgongoni, mikono mitupu. "Lipo!" akatupigia kelele, akapotea kwenye korido. Mama mdogo akakimbilia kaunta. Dada hayupo. Yupo mwingine, kijana mgeni kazini, anasoma skrini neno kwa neno.

"Mwenye kadi ameondoka. Mgeni wake pia ameondoka."

"Mgeni wangu hana miguu," Mama mdogo akasema, akinyoosha shingo juu ya kaunta. Kabati nyuma ya kijana lilikuwa tupu.

Nikageuka kutafuta uongo wa kumtuliza. Nikaona sketi kwanza, pindo limenyooka kama rula. Dada alikuwa anatoka kwenye mlango wa wafanyakazi, begi lake begani, mkono juu na gauni.

"Zamu yangu imekwisha, Mama. Nikaona nisimwachie huyu, bado anajifunza."

Gauni liliingia launji na hanga la waya. Sasa lilining'inia kwenye la mbao, lenye mabega mapana.

"Hanga langu?"

"Limepotea, Mama. Nenda na hilo."

Mama mdogo akafungua zipu ya mfuko vidole vinne, akapapasa kifuani kwa gauni. Akafunga.

"Nusu Diploma, mwandikie binti."

"Niseme nini?"

"Mgeni yuko njiani. Endapo arudishwe dukani."

Nilipoinua kichwa kutoka kwenye simu, alikuwa ameshasimama getini, mtu wa kwanza kwenye foleni ambayo haijaanza, saa nzima na ushee kabla ya kufunguliwa, mkono juu.